Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa Uingereza, aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Marekani katika kampuni ya IBM. Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya uhusiano, yaani nadharia ya kutunza data katika majedwali, ambayo ni msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo nyuma ya tovuti, benki na programu za simu. Lugha ya SQL ilitungwa na wenzake kutokana na nadharia hiyo, lakini Codd mwenyewe aliikosoa kwa miaka mingi. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni tuzo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta.

Maisha ya awali

Codd alizaliwa Fortuneswell, katika kisiwa cha Portland, Dorset, kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mama yake mwalimu wa shule. Alisoma Poole Grammar School, kisha hisabati na kemia katika Exeter College, Chuo Kikuu cha Oxford. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani katika Jeshi la Anga la Kifalme, akirusha ndege za Sunderland, ambazo ni ndege kubwa zinazotua majini.

Mwaka 1948 alihamia New York na kuajiriwa na IBM kama mwanahisabati wa kuandika programu. Mwaka 1953 aliondoka Marekani kwa kuchukizwa na kampeni za seneta Joseph McCarthy, akaenda kuishi Ottawa, Kanada. Alirudi mwaka 1957 na kujiunga tena na IBM, akashiriki katika kutengeneza kompyuta iliyoitwa Stretch. Kikundi chake kilishughulikia namna ya kuendesha programu kadhaa kwa pamoja katika mashine moja.

Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, akiwa amevuka miaka 40. Utafiti wake ulihusu otomata za seli, yaani mifumo ya kihisabati ya vyumba vidogo vinavyobadilika kwa kufuata kanuni. John von Neumann alikuwa ameonyesha kwamba mfumo wa aina hiyo unaweza kujizalisha wenyewe ukiwa na hali 29 kwa kila chumba. Codd alionyesha kwamba hali 8 zinatosha.

Hifadhidata kabla yake

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni kubwa zilikuwa tayari zinatunza kumbukumbu zao kwenye kompyuta. IBM ilikuwa na mfumo wa IMS, uliotokana na mradi wa Apollo wa kupeleka watu mwezini. Ndani ya IMS data zilipangwa kama mti: kila rekodi ilikaa chini ya rekodi nyingine. Mifumo mingine, iliyofuata kazi ya Mmarekani Charles Bachman, ilipanga data kama wavu wa rekodi zilizofungwa kwa viungo. Katika mifumo yote hiyo mwandishi wa programu alipaswa kuijua njia: aanze na rekodi ipi, afuate kiungo kipi, arudie wapi. Bachman alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973 alimfananisha mwandishi huyo na baharia anayeongoza chombo chake ndani ya data, na kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kwa Codd huo ulikuwa mzigo usio wa lazima. Akiwa katika maabara ya IBM huko San Jose, California, aliona kwamba programu zilitegemea mambo matatu yasiyozihusu: mpangilio wa rekodi mahali zilipohifadhiwa, kuwepo kwa faharasa fulani, na njia ya kuifikia kila rekodi. Kimojawapo kikibadilishwa, programu iliyokuwa ikifanya kazi jana iliweza kukwama leo.

Modeli ya uhusiano

Codd alieleza suluhisho lake kwanza katika ripoti ya ndani ya IBM mwaka 1969, kisha katika makala ya kurasa 11 iliyotoka Juni 1970 katika jarida la Communications of the ACM. Wazo lake lilitoka kwenye hisabati ya seti. Data zote zikae katika majedwali, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake tu, bila viungo vilivyofichwa. Kwa mfano, maktaba itakuwa na jedwali la wanachama, kila mmoja na namba yake, na jedwali la vitabu vilivyoazimwa lenye namba ya mwanachama aliyeazima. Anayetaka kujua nani ana kitabu fulani anasema anachotaka. Kutafuta njia ya kukipata ni kazi ya mfumo.

Mwaka 1971 aliendeleza kanuni za kusawazisha majedwali, zinazoitwa maumbo sanifu. Umbo la kwanza linadai kila chumba cha jedwali kiwe na thamani moja tu. La pili na la tatu yanazuia habari moja kurudiwa mahali pengi. Anwani ya mteja ikiandikwa katika kila oda aliyotoa, siku akihama itabidi irekebishwe kila mahali, na penye kusahauliwa hifadhidata itakuwa na anwani mbili zinazopingana.

IBM haikuwa na haraka ya kutumia wazo hilo. IMS ilikuwa bidhaa yenye faida, na Codd alikuwa mfanyakazi aliyekuwa akisema hadharani kwamba msingi wa bidhaa hiyo una kasoro. Hakunyamaza. Aliwaeleza wateja wa IBM faida za modeli yake, nao wakaanza kuibana kampuni. Mwaka 1974 yeye na Bachman walikutana katika mdahalo mjini Ann Arbor, Michigan, kila upande ukitetea njia yake ya kupanga data.

Kutungwa kwa SQL

IBM hatimaye ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R, hukohuko San Jose. Watafiti wake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha iliyoitwa SEQUEL na kuitangaza mwaka 1974. Boyce, ambaye pia alishirikiana na Codd katika umbo sanifu linalobeba majina yao wawili, alifariki mwaka huohuo akiwa bado kijana. Jina la lugha lilifupishwa baadaye kuwa SQL kwa sababu SEQUEL ilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya ndege ya Uingereza.

Codd alikuwa tayari amependekeza lugha yake, Alpha, yenye sura ya kihisabati. SEQUEL ilikuwa rahisi zaidi kusomeka, na ndiyo iliyoshinda. Lakini wengine waliwahi sokoni kabla ya IBM. Kampuni ambayo baadaye iliitwa Oracle ilitoa hifadhidata ya SQL mwaka 1979, na IBM ikafuata na SQL/DS mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983.

Hoja zake dhidi ya SQL

Sehemu hii ya maisha ya Codd haijulikani sana, ingawa inawagusa moja kwa moja wanaotengeneza tovuti. Matatizo mengi yanayowasumbua katika maswali ya SQL, yaani maombi ya data ambayo tovuti hutuma kwenye hifadhidata, yanatoka mahali ambapo lugha hiyo iliiacha nadharia yake, au ambapo watumiaji wake wameisahau.

La kwanza ni marudio. Katika seti kitu hakiwezi kuwemo mara mbili. Watunzi wa SEQUEL waliruhusu safu zinazofanana kwa sababu kuziondoa kila mara kungechelewesha majibu. Matokeo yake, mtu anayeunganisha jedwali la wateja na la oda huona jina moja likitokea mara tano, kisha huongeza neno DISTINCT bila kujua marudio yametoka wapi. Mara nyingi dawa yake ni kuangalia upya masharti ya muungano, au kuuliza tu kama mteja ana oda hata moja. Seti pia haina mpangilio: orodha ya bidhaa iliyoombwa bila ORDER BY inaweza kubadilika kila ukurasa unapofunguliwa, na hilo si kosa la seva.

La pili ni thamani inayokosekana, NULL. Hapa Codd mwenyewe ana sehemu yake. Katika makala ya mwaka 1979 alitetea mantiki yenye majibu matatu: kweli, si kweli, na haijulikani. Kwa hiyo sharti kama simu = NULL halirudishi safu yoyote, hata kama nusu ya wateja hawana simu; inabidi kuandika simu IS NULL. Mtego mbaya zaidi uko kwenye NOT IN: orodha inayolinganishwa ikiwa na NULL moja tu, swali zima hurudi tupu. Wengi hutumia NOT EXISTS ili kukwepa hilo. Baadaye Codd alitaka kutofautisha thamani isiyojulikana na ile isiyohusika kabisa, jambo lililoleta jibu la nne. Rafiki na mwenzake wa kazi, Chris Date, alilipinga wazo lote la NULL, na wawili hao hawakukubaliana kamwe.

Kasoro nyingine zinatokana na kurudi kwenye mambo ya kabla ya mwaka 1970. Namba kadhaa zilizotenganishwa kwa mkato ndani ya chumba kimoja zinavunja umbo la kwanza, na kuzitafuta kunakuwa shida. Programu inayosoma makala 50, kisha kutuma swali jingine kwa kila makala ili kupata jina la mwandishi, inatuma maswali 51 mahali ambapo muungano mmoja ungetosha. Ni yuleyule baharia wa Bachman. Kwa upande mwingine, swali linapokuwa zito mara nyingi inatosha kuongeza faharasa kwenye safu inayotafutwa, bila kugusa programu yenyewe. Kinga hiyo ndiyo Codd aliyoipigania.

Miaka ya mwisho

Codd aliondoka IBM mwaka 1984. Pamoja na Date na Sharon Weinberg, ambaye alimwoa mwaka 1990, alianzisha kampuni ya ushauri. Mwaka 1985, alipoona wauzaji wengi wakibandika jina la uhusiano kwenye bidhaa zao za zamani, alichapisha katika gazeti la Computerworld kanuni 12 za kupima hifadhidata. Kwa kuwa zimehesabiwa kuanzia sifuri, kwa kweli ziko 13, na hakuna bidhaa kubwa ya wakati huo iliyozitimiza zote. Mwaka 1990 alitoa kitabu kilichopanua modeli yake, chenye kanuni zaidi ya 300. Hakikupata wafuasi wengi.

Mwaka 1993 alitumia jina OLAP kwa uchambuzi wa data nyingi za biashara. Kazi hiyo ilizua malalamiko ilipojulikana kwamba ilifadhiliwa na kampuni iliyokuwa ikiuza programu za aina hiyohiyo.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Williams Island, Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2004 tuzo ya ubunifu inayotolewa na SIGMOD, kikundi cha watafiti wa hifadhidata katika chama cha ACM, ilipewa jina lake.