Louis Braille: Mwalimu kipofu aliyebuni nukta nundu

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809, Coupvray, Ufaransa. Akiwa na miaka mitatu alijichoma jicho kwa msharasi katika karakana ya baba yake. Hatimaye akapofuka kabisa. Shule ya kijiji ilimpokea pamoja na watoto wanaoona, lakini alijifunza kwa kusikiliza tu.

Mwaka 1819 alipelekwa shule ya vipofu, Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa, zilizofaa macho kuliko vidole. Mwaka 1829 alichapisha maandishi yake ya nukta. Baadhi ya walimu wenye macho waliyapinga, wakihofia yangewatenga vipofu. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: mwaka 1839 Braille, naye akiwa mwalimu hapo, alibuni njia ya kuwaandikia wanaoona.

Alifariki Januari 6, 1852. Shule iliyakubali rasmi maandishi yake mwaka 1854.