Rudolf Virchow

Rudolf Ludwig Carl Virchow (Schivelbein, leo Świdwin nchini Poland, 13 Oktoba 1821 – Berlin, 5 Septemba 1902) alikuwa daktari, mtaalamu wa patholojia na mwanasiasa wa Ujerumani. Anajulikana hasa kwa fundisho lake kwamba ugonjwa huanzia ndani ya seli. Ndiye pia aliyeleta katika tiba jina la amiloidi, ingawa jina hilo lilitokana na kosa.

Maisha

Alisomea udaktari mjini Berlin katika chuo cha madaktari wa jeshi, akahitimu mwaka 1843. Mwaka 1848 serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu kuchunguza mlipuko wa tifasi. Aliandika kwamba chanzo kikubwa cha maafa hayo ni njaa, ujinga na utawala mbaya. Mwaka huohuo aliunga mkono mapinduzi, na baada ya kukosana na wakubwa alihamia Würzburg mwaka 1849. Alirudi Berlin mwaka 1856 akiwa profesa na mkuu wa taasisi ya patholojia.

Katika siasa alikuwa mpinzani wa Bismarck. Alikuwa mbunge miaka mingi, akapigania mifereji ya majitaka ya Berlin.

Amiloidi

Mwaka 1854 Virchow alipaka iodini na asidi ya salfa kwenye vipande vya viungo vya maiti. Vitu fulani ndani yake vikageuka rangi kuelekea buluu, kama wanga unavyofanya. Akaviita amiloidi, yaani vinavyofanana na wanga. Mwaka 1859 Friedreich na Kekulé walionyesha kwamba kwa kweli ni protini. Jina lilibaki hata hivyo.

Leo amiloidosi ni kundi la magonjwa ambamo protini iliyojikunja vibaya hurundikana katika viungo. Tumboni ni nadra. Mgonjwa hupungua uzito, hutapika au hutokwa damu, na daktari anayetazama kwa kamera anaweza kudhani ni vidonda vya tumbo au saratani. Uhakika hupatikana kwa kukata vipande vidogo na kuvipaka rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, kisha kuvitazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu: amiloidi hung'aa kijani. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nguo. Iliingia sokoni Berlin mwaka 1885 na kupewa jina la Kongo wakati mji ulikuwa bado unazungumzia Mkutano wa Berlin, uleule uliofuatwa mara moja na hati ya Kaisari kwa kampuni ya Carl Peters. Miaka michache baadaye Buha, pamoja na Heru Juu, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Bennhold alianza kuitumia rangi hiyo kwa amiloidi mwaka 1922, Virchow akiwa amekwisha kufa.

Matibabu hutegemea aina ya protini. Ikitokana na uvimbe wa muda mrefu, kama wa kifua kikuu au ukoma, hutibiwa ugonjwa ule wa msingi. Ikitokana na seli za plazima, hutumika dawa za kuziua. Iliyo tumboni peke yake mara nyingine hufuatiliwa tu.

Makosa

Mwaka 1887 Virchow alipima vipande vilivyokatwa kwenye zoloto ya mrithi wa ufalme, Friedrich, na hakuona saratani. Friedrich alifariki kwa saratani hiyo tarehe 15 Juni 1888, baada ya kutawala siku 99. Huenda vipande havikutoka mahali penye ugonjwa. Hatari hiyohiyo ipo kwa amiloidi ya tumbo, na ndiyo sababu madaktari hukata sehemu kadhaa.

Alilikataa pia fundisho la Darwin, akadai mifupa ya Neanderthal ni ya mtu wa kawaida aliyeugua. Alikusanya mafuvu ya watu wa mataifa mengi, jambo linalolaumiwa siku hizi.

Kifo

Januari 1902 aliruka kutoka kwenye tramu mjini Berlin, akavunjika mfupa wa paja. Hakupona tena sawasawa, akafariki miezi minane baadaye.