Daktari Aliyewajali Watoto Wachanga

Mtoto akizaliwa hospitalini, iwe Litembo au Liuli, mkunga humtazama kwa makini. Kisha huandika namba. Namba hiyo huitwa alama ya Apgar. Apgar ni jina la mtu. Tusome habari zake.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 katika mji wa Westfield, nchini Marekani. Alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1933 huko New York. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mwalimu wake alimshauri aache, kwa sababu wanawake walipata riziki kwa shida katika kazi hiyo. Apgar hakukata tamaa. Alijifunza kazi ya nusukaputi, yaani kumpa mgonjwa dawa ya usingizi ili asisikie maumivu. Mwaka 1949 alifanywa profesa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupata cheo hicho katika chuo chake cha udaktari.

Siku zile akina mama wengi wa Marekani walipewa dawa kali wakati wa uchungu. Mama alipata nafuu. Lakini dawa ikiingia katika damu ya mama, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Watoto wengine walizaliwa wamelegea, wakapumua kwa shida. Watu walishughulika na mama. Mtoto dhaifu mara nyingi hakusaidiwa upesi, na wengine walikufa.

Jambo hilo lilimsumbua Apgar. Mwaka 1952 aliwaeleza madaktari wenzake njia rahisi. Dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, yatazamwe mambo matano:

1. Mapigo ya moyo.
2. Kupumua.
3. Nguvu ya mikono na miguu.
4. Anavyoshtuka akiguswa.
5. Rangi ya mwili. Kwa mtoto mweusi hutazamwa midomo na ulimi.

Kila jambo hupewa 0, 1 au 2. Jumla ya juu ni 10. Baadaye watoto walipimwa tena baada ya dakika tano. Alama ndogo si hukumu. Humhimiza mkunga amsaidie mtoto mara moja.

Apgar alilinganisha watoto waliozaliwa kwa upasuaji. Wale ambao mama zao walichomwa sindano ya ganzi mgongoni walipata alama nyingi kuliko wale ambao mama zao walilazwa usingizi kabisa. Hivyo madaktari walijifunza kuchagua dawa kwa kuwafikiria watu wawili, mama na mtoto.

Apgar alifariki tarehe 7 Agosti 1974. Hakuzaa mtoto, lakini kazi yake imeokoa watoto wengi duniani.

Ndugu msomaji, dawa ya maumivu si adui. Lakini sindano kama pethidini, ikichomwa saa chache kabla ya kujifungua, huweza kumfanya mtoto asinzie na achelewe kunyonya. Kwa hiyo mkunga lazima ajue mama amepewa dawa gani, na saa ngapi. Mama aliyekunywa dawa ya miti shamba nyumbani asifiche. Aseme, ili mtoto asaidiwe mapema.

Maswali
1. Dawa aliyopewa mama humfikiaje mtoto?
2. Taja mambo matano anayotazama mkunga.
3. Jadilianeni: kwa nini akina mama wengine huficha dawa walizokunywa?