Mtakatifu Yosefina Bakhita na Siku Aliyokataa

Kila tarehe 8 Februari tunapomkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, mawazo yetu huenda upesi kwenye minyororo na makovu yake. Leo tungependa kuitazama siku moja ya maisha yake: 29 Novemba 1889, mjini Venezia.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Darfur, Sudan. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, hata jina alilopewa na wazazi wake likamtoka akilini. Bakhita, yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na Callisto Legnani, mwakilishi wa Italia aliyemtendea kwa upole, na mwaka 1885 akafika Italia. Huko akakabidhiwa kwa familia ya Michieli, akawa yaya wa binti yao, Mimmina.

Bibi Michieli aliposafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli, aliwaacha yaya na mtoto kwa Masista Wakanosa wa Venezia. Ndipo Bakhita alipoanza mafundisho ya katekesi. Bibi aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa kuondoka kabla ya kubatizwa.

Tusiuone uamuzi huo kuwa mwepesi. Tangu utoto hakuna aliyewahi kumwuliza anataka nini. Hakuwa na ndugu wala fedha katika nchi ile. Tena bibi huyu hakuwa kama mabwana wa zamani waliompiga. Bakhita alimpenda, na Mimmina alikuwa kama mwanawe. Kwa maoni yetu, deni la shukrani lilikuwa kizuizi kizito kuliko mjeledi, kwa kuwa lilijionyesha kama wajibu. Hata hivyo alitambua kwamba akifuatana nao angeweza kumpoteza Mungu aliyeanza kumfahamu.

Mama mkuu wa masista aliomba msaada kwa Patriaki wa Venezia, naye akamwarifu mwendesha mashtaka wa mfalme. Jibu likawa wazi: sheria ya Italia haikutambua utumwa, hivyo Bakhita alikuwa mtu huru. Bibi aliondoka na Mimmina. Bakhita alibaki, na kutengana na mtoto yule kulimwumiza sana.

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za kitawa, kisha akatumikia Schio kwa miongo mingi akiwa mpishi, mshonaji na bawabu, hadi alipofariki mwaka 1947. Baada ya kubatizwa, alionekana mara nyingi akikibusu kisima cha Ubatizo.