Beryl Markham na farasi wenye majina ya mababu

Sisi wa Himbi, farasi tunamuona mu televizioni tu. Hapa kwetu muzigo unabebwa na chukudu, ao na mugongo wa mutu. Lakini ndugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki nyumbani mukiwangojea, leo tunawaletea maisha ya mwanamke mumoja wa farasi za mbio kule Kenya, juu kuna jambo ndani yake linalotugusa.

Beryl Markham alizaliwa Uingereza tarehe 26 mwezi wa 10, 1902. Alikuwa na karibu miaka ine wakati alipofika Kenya. Baba yake, Charles Clutterbuck, alipata shamba Njoro, akaweka kinu cha unga, akafuga farasi. Mama alirudi Uingereza, binti akabaki na baba. Njo akakomaa pamoja na watoto Waafrika wa pale, akisema Kiswahili, akiwafuata kuwinda. Rafiki yake mukubwa alikuwa kijana Mukalenjin, Kibii, ambaye alipokuwa mutu muzima aliitwa arap Ruta.

Farasi wa mbio hanunuliwi kwa macho tu, ananunuliwa kwa ukoo. Waingereza walianza kuchapisha kitabu cha ukoo wa farasi mu 1791: kila mumoja anaandikwa, baba yake nani, mama yake nani, mpaka kwa mababu. Ukifuata upande wa baba, wote wanatokea kwa madume watatu tu waliotolewa inchi za Mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ule Darley Arabian alitoka Aleppo, Siria, akafika Uingereza 1704. Ni kusema farasi aliyekimbia Nairobi miaka mia mbili kisha, babu yake wa mbali alijulikana kwa jina.

Kingali musichana, Beryl alisaidia farasi jike kuzaa usiku. Baba akamupatia ule mutoto wa farasi, naye akamuita Pegasus. Lakini mvua ikakosa. Baba alikuwa ameahidi watu unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Nafaka ikapanda bei, naye akashika neno lake mpaka akafilisika. Shamba likaenda. Baba akasafiri Peru kutafuta kazi. Beryl, angali kijana sana, alikataa kumufuata. Alipanda Pegasus akaelekea Molo kuanza maisha yake. Akapata kibali cha kufundisha farasi za mbio, mwanamke wa kwanza Kenya. Arap Ruta akakuja kufanya naye kazi.

Mu kitabu chake anaeleza kwamba alimutayarisha farasi mumoja, Wrack, kwa mbio kubwa ya St Leger. Ilipobaki wiki 12 tu, mwenye farasi akamunyanganya, akamupa mufundishaji mwengine, juu Beryl alionekana musichana mudogo. Sisi tunajua ile: unachimba, unatoa maji mu shimo, siku mawe inaonekana mutu mwengine anakuja kusema shimo ni yake. Beryl hakukaa kulia. Alichukua farasi jike mwenye miguu mibaya, Wise Child, wakamutunza pole pole. Mu 1926 Wise Child alimushinda Wrack.

Kisha akajifunza kuendesha ndege, na arap Ruta akaacha farasi akamufuata kutunza ndege. Tarehe 4 mwezi wa 9, 1936, Beryl alitoka Uingereza peke yake, akavuka bahari ya Atlantiki akielekea magharibi. Kisha masaa 21 na zaidi angani, ndege ikaangukia mu matope Kanada, naye akatoka muzima. Mu 1942 akatosha kitabu cha maisha yake. Baadaye alirudi Kenya, akafundisha tena farasi, wakashinda Derby ya Kenya mara 6. Katika uzee feza ikamukosa, mpaka kitabu kilipochapwa upya mu 1983. Alikufa Nairobi mwezi wa 8, 1986.

Lakini turudi kwa arap Ruta. Tunamujua juu Beryl aliandika jina lake. Na wengine wote walioamuka usiku kulisha na kusugua farasi? Kitabu cha ukoo kinaandika farasi mpaka babu. Hakina musitari wa mutu aliyemulisha.

Kwetu ni vilevile. Tumeona mifuko ya koltani ikifungwa na etiketi yenye namba, ili kule Ulaya wajue umetoka shimo gani. Mwenzetu mumoja alipofukiwa na udongo, tulitafuta jina lake ili familia yake isaidiwe. Tulipata jina la utani tu. Namba ya mufuko ilikuwa mu karatasi, yeye hapana.

Njo maana tunaomba kila PDG wa shimo akuwe na kaye: jina kamili la kila muchimbaji, jina la baba na la mama, avenue anapokaa, na namba ya simu ya mutu wa kuita. Kopi moja ibaki nyumbani kwa PDG, ingine iletwe mu kikao chetu hapa Himbi. Wamama, na ninyi muulize: jina la bwana wangu, la mutoto wangu, limeandikwa wapi? Kaye haiko bei kali.