Walter Kaaden, Bingwa wa Bomba la Moshi

Wako vijana wadhanio kwamba ukilikata bomba la moshi la vespa likapiga kelele, basi na mbio zimezidi. Kelele si mbio. Mimi husema, adhaniaye hivyo na ayajue maisha ya Mjerumani Walter Kaaden.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Pobershau, jimbo la Saxony. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa katika kiwanda cha Henschel kilichotengeneza mabomu ya kurushwa kutoka ndegeni. Vita vilipokwisha alirudi kwao akaishi kwa biashara ya mbao, huku akiunda pikipiki za mashindano. Mwaka 1953 kiwanda cha Zschopau, ambacho baadaye kiliitwa MZ, kikamkabidhi idara ya mashindano.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na uhaba wa fedha na vifaa. Kaaden alikuwa na akili na subira. Mwenziwe Erich Wolf alikwisha kutumia bomba lililotuna katikati. Kaaden akalichunguza kwa mitambo ya kupimia mawimbi. Kazi yake ni hii: mlango wa moshi ukifunguka, wimbi hukimbia bombani. Pale bomba linapotanuka, mvuto hurudi silindani ukafyonza moshi uliobaki na kuvuta petroli mpya. Petroli nyingine hutoroka pamoja na moshi. Lakini bomba linapobana tena, wimbi hurudi likaisukuma ndani kabla pistoni haijaufunga mlango. Bomba likizidi au kupungua urefu, wimbi hukosa wakati wake, na nguvu hupotea.

Mwaka 1961 injini yake ndogo ya sisi 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita. Septemba mwaka huo, huko Sweden, mpanda pikipiki wake Ernst Degner, aliyekuwa akiongoza mashindano ya dunia, akatoroka na kuzipeleka siri hizo Suzuki. Ubingwa ukamwendea Tom Phillis wa Honda. Mwaka 1962 Degner akawa bingwa wa dunia wa sisi 50, akipanda Suzuki.

Kaaden hakuhama. Aliendelea na kazi yake palepale Zschopau, akafariki mwaka 1996. Kwa maoni yangu, siri yake iliibwa lakini elimu yake haikuibika. Basi kijana, kabla hujashika msumeno, shika kwanza kipimo.