Tom Mboya: Boy wa Shamba la Mkonge Aliyepigia Kenya Hesabu, na Bili Bado Inakufikia

Kama umewahi kuambia mtu mpatane Archives, basi umewahi kusimama karibu na Tom Mboya. Ni yule jamaa wa sanamu pale Moi Avenue. Wasee huketi hapo wakingoja madem, wakingoja mtu mwenye deni lao, ama wakipumzisha miguu tu kabla warudi kutafuta kazi. Hatua chache kutoka hapo kuna barabara yenye jina lake, mathree zikipiga honi na wachuuzi wakipanga soksi chini.

Wengi wetu tunajua vitu viwili tu kumhusu: alikuwa smati, na aliuawa. Lakini kuna cha tatu chenye hatuambiwi sana. Huyu ndiye alisimamia ile karatasi iliyoamua Kenya itafuata uchumi wa aina gani, ubepari, ukomunisti ama kitu katikati. Kama ocha kwenu hakuna lami na kwa beshte yako iko, hii story inakuhusu.

Fees ikakwisha

Ocha ya kina Mboya ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini yeye hakuzaliwa huko. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, upande wa Thika, kwa shamba la mkonge la mlowezi mzungu. Mzae wake, Leonard Ndiege, alikuwa anafanya kazi hapo. Kwa hivyo kijana alikua katikati ya watoto wa makabila mbalimbali, akaongea Kikamba na Kiswahili kabla hata ajue siasa ni nini. Weka hiyo kwa akili, itamsaidia baadaye.

Alisomea Kabaa huko Ukambani, akaenda Yala, halafu akaingia Mangu. Kichwa ilikuwa fiti. Shida ikawa ile shida unaijua wewe na mimi: doo. Wadogo wake pia walihitaji kusoma, na mzae hakuwa na mfuko wa kubeba wote. Mboya akatoka Mangu bila kuendelea mbele. Mimi pia nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu kama hiyo, kwa hivyo hapo huwa nasimama kidogo.

Mwaka wa 1948 akaingia shule ya Jeanes pale Kabete kusomea kazi ya afisa wa afya, kwa sababu huko hukulipa karo. 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Kazi ilikuwa ile ile na ya wazungu: kukagua maziwa, mikahawa, usafi. Mshahara ndio haukuwa ule ule. Mwafrika alikuwa anabeba kipande kidogo tu cha kile mzungu analipwa. Siku moja mama mzungu aliingia ofisini na sampuli ya maziwa, akamwangalia Mboya akiwa amesimama hapo, halafu akauliza kama kuna mtu. Mboya mwenyewe aliiandika hiyo kwa kitabu chake cha 1963.

Kijana wa vyama vya wafanyakazi

Hapo ndipo alianza kuorganaizi wafanyakazi. Na time ilikuwa mbaya. Makhan Singh, aliyejitangaza mkomunisti wazi, alikuwa kizuizini tangu 1950. Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari, viongozi wengine wa wafanyakazi wakabebwa. Kiti kikabaki wazi. 1953, akiwa na miaka 23, Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akashuka pwani, akaongea na wafanyakazi, akaongea na wadosi, na mwisho wa stori mishahara ikapanda karibu theluthi moja. Jina likalipuka. Mwaka huo huo akapata nafasi ya kusoma Ruskin College, Oxford. 1957 akaingia baraza la kutunga sheria akiwakilisha Nairobi, na wapiga kura wake walikuwa mchanganyiko wa makabila yote ya jiji. Unakumbuka Kilima Mbogo? Ndiyo hiyo sasa.

Desemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waafrika kule Accra, akiwa na miaka 28. Mwaka uliofuata akapanga ile safari maarufu ya ndege: wanafunzi 81 wakapanda kuenda kusoma Marekani, na mamia wengine wakafuata miaka iliyofuata.

Meza mbili za dunia

Elewa dunia ilikuwaje. Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa wanapigania marafiki. Upande mmoja ulisema wacha watu binafsi wamiliki viwanda na mashamba, soko ligawe. Upande mwingine ulisema hapana, serikali imiliki kwa niaba ya wafanyakazi, igawe yenyewe.

Mboya alikuwa na marafiki Marekani. Vyama vya wafanyakazi vya huko vilimsaidia na pesa za kujenga makao ya shirikisho lake Nairobi. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa na marafiki Moscow na Beijing, na vijana wake walienda kusoma huko. Ile hospitali ya Kisumu yenye watu wanaita Russia ilitoka kwa urafiki huo. Mboya akaitwa kibaraka wa Wamarekani, Jaramogi akaitwa mkomunisti. Majina hayo yalirushwa kila siku.

Lakini usikosee ukadhani ilikuwa tu mambo ya nani anafadhiliwa na nani. Chini yake kulikuwa na swali la shamba. Uhuru ulipofika, mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo kutoka Uingereza, karibu ekari milioni moja, na familia za Waafrika zikagawiwa vipande na deni la kulipa. Bildad Kaggia, aliyefungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, aliuliza mbona mtu anunue ardhi iliyoibwa kwake. Alipoteza kazi yake serikalini mwaka wa 1964 akipigia kelele hiyo mambo. Pio Gama Pinto, aliyekuwa ubongo wa upande wa kina Jaramogi, alipigwa risasi nje ya kwake Nairobi tarehe 24 Februari 1965, bintiye akiwa ndani ya gari.

Miezi miwili baadaye karatasi ya Mboya ikatoka.

Karatasi yenyewe

Inaitwa Sessional Paper Nambari 10 ya 1965. Ilitoka kwa wizara ya Mboya ya mipango ya uchumi, na kati ya vijana waliosaidia ni mchumi mmoja anaitwa Mwai Kibaki. Kwa jina ilikuwa ujamaa wa Kiafrika. Ilikataa Umarx, ikakataa pia ubepari wa kila mtu na lake. Lakini soma ndani, uone uzito umelalia wapi.

Kwanza, kunyakua viwanda na mashamba. Karatasi ilisema serikali inaweza kuchukua mali ya mtu, lakini lazima ilipe, na isifanye hivyo ovyo. Sababu yake ina akili. Chukua chama yenu ya mtaa. Mmekusanya elfu hamsini. Mkinunua kibanda cha jirani, mtaa bado una kibanda kimoja, ni mwenyewe tu amebadilika. Mkijenga kingine, mtaa una viwili. Mboya aliona Kenya ni maskini, haina pesa ya kununua kitu ambacho tayari kipo.

Pili, keki ikue kwanza. Na hapa ndipo kuna ngori. Karatasi ilisema pesa ya maendeleo iende mahali itazaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kuchangamkia. Faida ikipatikana, itumike kusaidia sehemu zingine. Kihesabu inaingia akilini. Una gunia moja la mbolea na mashamba mawili, moja limelowa, lingine jangwa. Utamwaga wapi?

Lakini angalia ramani. Ardhi nzuri, mvua, reli na umeme zilikuwa wapi 1965? Pale pale walowezi walikuwa wamekaa. Mkoloni alishachagua wapi patakuwa na barabara. Kwa hivyo hesabu isiyo na kabila wala chuki iliishia kuambia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zingoje.

Tatu, ulinzi wa mfanyakazi. Hapa alitimiza kiasi. NSSF ilizaliwa 1965, NHIF ikafuata 1966. Hiyo ndiyo sehemu ya ujamaa iliyoingia kwa payslip, ingawa NHIF ilifungwa 2024. Lakini mwaka huo huo wa 1965 migomo ikabanwa na sheria, COTU ikaundwa, na serikali ikajipa sauti kuhusu nani atakuwa katibu mkuu wake. Kijana aliyepandishwa na mgomo wa bandari alikuwa ndani ya serikali iliyofunga mlango huo. Kama unamkubali Mboya kama mimi, hiyo ni ngumu kumeza, lakini lazima tuiseme.

Hata wakati huo kuna mchumi kijana aliikosoa karatasi kwa jarida moja la Afrika Mashariki, Julai 1965. Swali lake lilikuwa rahisi: mtagawa vipi kama mali bado iko mikononi mwa wachache na wageni? Jina lake Barack Obama, babake yule unayemjua.

Jirani akafuata njia ingine

Februari 1967 Julius Nyerere akatangaza Azimio la Arusha. Tanzania ikataifisha benki na makampuni makubwa, halafu baadaye watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine kwa lazima. Ukitaka kulinganisha hizi njia mbili, hapo ndipo maabara ilikuwa, mpaka wa Namanga tu katikati.

Tanzania ilifundisha watu wengi sana kusoma na kuandika, na ukabila kwa siasa yao haukuwahi kuwa kama wetu. Lakini mashamba yalizaa kidogo, makampuni ya serikali yakala hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari zilikuwa za kupigia foleni. Kenya ilikua, uchumi ukapanda zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka miaka ile ya kwanza. Maduka yalijaa. Lakini 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja, wakakuta pengo kubwa kati ya wenye nacho na wasio nacho, na umati wa watu wanaojitafutia kwa jua kali bila mtu kuwahesabu. Hao ndio mathe wako na mimi.

Kwa hivyo ukiniuliza nani alishinda, nitakuuliza ulizaliwa upande gani wa keki.

Jumamosi ya 5 Julai 1969

1966 Jaramogi alisukumwa nje ya KANU kwa mkutano wa Limuru, na Mboya ndiye alikuwa fundi wa mpango huo. Jaramogi akaunda KPU, Kaggia akamfuata. Mboya alipomaliza kazi hiyo, akagundua wale waliomtumia sasa wanamwogopa yeye. Kenyatta alikuwa amezeeka, na kila mtu alikuwa anahesabu nani atafuata.

Mchana wa Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 aliingia duka la dawa la Chhani, barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue. Alipotoka akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Inasemekana aliposhikwa aliwauliza polisi mbona hawamuendei yule mkubwa. Huyo mkubwa hajawahi kutajwa kortini.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba, Kenyatta alienda Kisumu kufungua ile hospitali ya Russia. Fujo ikatokea, walinzi wakafyatulia umati, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Yule wa karatasi alikuwa kaburini Rusinga, na yule wa kuipinga alikuwa ndani. Hakukuwa tena na mtu wa kusimama bungeni kuuliza ile sehemu ya pili ya hesabu, ile ya kugawa, inaanza lini.

Bili

Iliulizwa tena 2010. Katiba mpya ikaleta kaunti, na ikaweka mfuko maalum wa kusaidia sehemu zilizoachwa nyuma, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20. Ni zaidi ya miaka 40 tangu ile karatasi. Na 2022 uliposikia wanasiasa wakibishana kama pesa ianzie kwa mama mboga ama juu kwa matajiri, huo ulikuwa ni ugomvi wa 1965 umevaa tisheti mpya.

Mimi simuiti Mboya msaliti, na simuiti malaika. Alikuwa mtoto wa shamba la mkonge aliyejua umaskini kwa ngozi, akaamini ukikuza kwanza utagawa baadaye. Alikosa kuandika nani atawalazimisha walioshiba wagawe. Labda angeishi angeandika. Alikufa siku 41 kabla afikishe miaka 39.

Sasa wewe niambie. Ungepewa lile gunia moja la mbolea mwaka wa 1965, ungelimwaga shamba gani, na ungemwambia nini yule wa shamba lingine?